Gari Hununuliwa Likiwa Baridi

Gari hununuliwa likiwa baridi.

Neno hilo mmelisikia leo mchana, mzee Ngolo alipowajibu wale washenga waliokuja kumposa dada yenu. Walikuja wamevaa vizuri, wakamsifu kijana wao tangu utosini hadi kwenye unyayo. Mzee Ngolo aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa kuja kwao, akasema hilo moja tu: gari hununuliwa likiwa baridi. Washenga wakatazamana, wakaaga. Ninyi mkacheka, mkadhani ni mzaha wa wazee, maana hapa kwetu hata mwenye gari hatuna. Sasa mmenifuata mnaniuliza limetoka wapi. Si mzaha. Siku lilipozaliwa nilikuwapo, na mwanzo wake ni huu.

Miaka hiyo nilikuwa nimeacha kazi ya machimbo. Nikatembea, nikafika mji mdogo wa pamba upande wa Maswa, nikapata kazi ya kulinda geti. Nilikaa hapo miaka miwili, na kwangu mimi huo ni muda mrefu. Nyumba ilikuwa ya mzee Lutonja, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa na ghorofa moja, na nyuma yake banda la gari lenye milango miwili ya bati. Ndani ya banda ndimo lilimokaa hilo gari.

Lilikuwa gari refu, jeusi, la kifahari. Mzee Lutonja alilinunua Dar es Salaam kwa mtu wa ubalozi aliyekuwa anarudi kwao, kwa hiyo hata lilipofika pale halikuwa jipya. Lakini nani angejua? Viti vyake vilikuwa vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa. Mlango wake ukiufunga haupigi kelele kama milango ya magari mengine. Ulijifunga taratibu, kama mtu mzima anayemaliza maneno. Likipita sokoni, wanaume waliokaa walisimama, na sijui kama walimsimamia mzee Lutonja au walilisimamia gari.

Dereva wake aliitwa Gamaya. Aliliendesha miaka ishirini na miwili. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, aligonga geti mara mbili, nami nikamfungulia. Aliingia bandani, akavuta milango ya bati nyuma yake. Kisha nilisikia kikohozi cha gari. Lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likatetemeka mpaka bati nazo zikaitikia. Moshi mweupe ulitokea chini ya mlango. Baada ya kitambo nilisikia kikohozi cha pili, na hicho kilikuwa cha Gamaya mwenyewe. Kufika saa kumi na mbili gari lilikuwa limesimama mbele ya baraza, limefutwa umande, linanguruma kama paka aliyeshiba. Saa moja mzee Lutonja alitoka, Gamaya akamfungulia mlango wa nyuma, wakaondoka. Yule mzee hakuwahi kukaa kwenye gari lake likiwa baridi. Hata siku moja.

Siku za mwanzo nilimuuliza Gamaya, "Mzee, hili gari linaumwa?"

Akaniangalia. "Wewe kazi yako nini hapa?"

"Geti."

"Basi angalia geti."

Nikaangalia geti.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, mzee Lutonja akafariki. Gamaya naye kifua kilikuwa kimemlemea. Wengine walisema ni vumbi la pamba, wengine tumbaku, ingawa hakuvuta. Baada ya matanga alimkabidhi ufunguo Nkwabi, mtoto wa ndugu wa marehemu, aliyekuwa akiishi vyumba vya nyuma. Nilikuwa nimesimama hapo nikamsikia akimwagiza: "Mtu asilikaribie gari hili kabla halijapata moto. Liwashe mapema, liongeze maji, milango ya banda ifungwe. Likitulia ndipo ulitoe." Nkwabi alikuwa mtu wa kushika maagizo. Akayashika yote.

Bi Kabula, mjane wa mzee Lutonja, hakujua kuendesha, wala hakuwa na safari. Kiwanda kilikuwa kimesimama, na yeye alitaka kurudi kwa ndugu zake. Akatangaza kwamba gari linauzwa. Aliyekuja kulitaka kwa moyo wake wote alikuwa Luhende, mtoto mkubwa wa Gamaya.

Luhende alikuwa mkulima, umri wake kama miaka thelathini na mitano. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na wanne kati yao walikuwa maksai wa kuvuta jembe. Hao ndio waliokuwa mji wake wote. Ndio waliolima, ndio waliokamuliwa, ndio waliomfanya aitwe kwenye vikao. Bei ya lile gari, ukiwapeleka wote mnadani siku nzuri, ilikuwa sawa nao. Asingebaki hata ndama.

Haya ya nyumbani kwao sikuyaona. Aliyenisimulia baadaye ni Sayi, mke wa Luhende, na mengine Gamaya mwenyewe.

Sayi alimwambia mumewe, "Gari halikamuliwi."

"Litabeba maharusi," Luhende akasema. "Pamba ikiuzwa, kila wiki kuna harusi tatu hapa. Kila bibi harusi atalitaka."

"Na mvua ikinyesha, jembe utalifunga nyuma ya gari?"

"Nitakodi maksai. Misimu miwili ya harusi, ng'ombe wote watarudi."

"Ng'ombe hawarudi, baba Limi. Ng'ombe huzaliwa."

Luhende alicheka, lakini hakubadili nia. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mkewe. Tangu utoto wake alimwona baba yake akimfungulia mtu mwingine mlango wa nyuma. Miaka ishirini na miwili, wala hakumwona hata mara moja amekaa upande ule. Sasa baba ni mgonjwa, anakwenda hospitali ya wilaya kila mwezi akiwa amekunjwa kwenye kiti cha baiskeli, anashuka amepauka. Luhende alitaka siku moja asimamishe gari lile mlangoni kwa baba yake, amfungulie yeye mlango wa nyuma. Kwa hiyo alimficha, ili siku hiyo iwe siku.

Msidhani alikuwa mjinga. Alikuja kulitazama gari mara tatu, na mara ya pili alikuja na fundi. Fundi aliweka kikombe cha maji juu ya injini inayonguruma, na maji hayakutikisika. Akalala chini, akainuka, akajipangusa, akasema gari hili lina miaka mingi lakini limetunzwa kama yai. Hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Kosa lao lilitoka kwenye adabu. Kule, mtu mwenye malezi haendi kwenye nyumba ya mfiwa, tena ya mjane, bila kutuma salamu siku moja kabla. Ukienda ghafla unakuwa kama mdai, au mtu anayechungulia. Basi Luhende kila mara alituma mtu: kesho saa nne nitakuja, mama, ukiniruhusu. Bi Kabula alimwambia Nkwabi kuna mgeni kesho. Nkwabi alfajiri akafanya alivyofundishwa. Luhende akafika saa nne, akakuta gari liko nje limefutwa, akageuza ufunguo, nalo likaitika papo hapo bila kukohoa. Mara zote tatu lilikuwa limekwisha kuwashwa. Bi Kabula hakumdanganya mtu, maana yeye mwenyewe katika maisha yake hakulijua gari lile kwa sura nyingine. Na mimi pale getini nilimfungulia Luhende mara tatu nikamwamkia, na sikusema. Hakuna aliyemuuliza mlinzi.

Wakakubaliana. Ng'ombe waende mnada wa Alhamisi, malipo yafanyike Ijumaa.

Jumatano jioni Sayi alikwenda nyumba ya mkwe wake. Alipiga magoti mlangoni, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Baba, sikuja kumsema mwanao."

"Sema tu," Gamaya akajibu kutoka kitandani.

"Kesho ng'ombe wanakwenda mnadani. Wote."

"Anaoa mke mwingine?"

"Angekuwa anaoa ningejua la kufanya. Ananunua gari la marehemu."

Sayi aliniambia kwamba mzee aligeukia ukutani, naye akadhani amelala. Akataka kuinuka aende. Ndipo akasikia, "Luhende yuko wapi?"

"Yuko zizini, anawapa chumvi."

"Mwambie alfajiri anipeleke mahali. Usimwambie umeniambia nini."

Usiku ule Gamaya alikuwa na mzigo wake, na huo alikuja kunieleza mwenyewe. Aliniambia hivi: "Nimekula ugali wa nyumba ile miaka ishirini na miwili. Dereva akitoka na siri ya gari, ametoka na siri ya nyumba. Nikisema, namsema marehemu ambaye hawezi kunijibu. Nikinyamaza, nimemla mwanangu." Alilala na maneno hayo mawili, moja kila upande.

Alhamisi alfajiri nilisikia geti linagongwa mara mbili. Mkono wangu ulifungua kabla sijafikiri. Nilipomwona Gamaya amesimama pale kwa fimbo, ndipo nikakumbuka kwamba hana tena kazi hapo. Nyuma yake alikuwa Luhende, ameshika koti la baba yake, na aliona aibu hata kuvuka kizingiti.

"Baba, hatukutuma salamu," alinong'ona. "Hii ni nyumba ya mjane."

"Miaka yote hiyo saa hizi nilipita hapa," Gamaya akasema, "sikutuma salamu hata siku moja."

Akapita. Nkwabi alisikia sauti, akatoka vyumba vya nyuma akifunga shati, ufunguo mkononi.

"Shikamoo, mzee. Kuna mgeni leo? Sikuambiwa. Ngoja nilipashe moto kwanza."

"Marahaba. Usilipashe. Fungua banda, nipe ufunguo."

Nkwabi alisitasita. Alikuwa anaambiwa avunje agizo na yule yule aliyempa agizo. Kisha akafungua. Mimi niliacha geti, nikasogea.

Gamaya alimshika mwanawe mkono, akauweka juu ya boneti.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Siku zile tatu ulizokuja, uliweka mkono hapa?"

Luhende alifikiri. "Hapana."

"Ng'ombe unamnunuaje wewe?"

"Namfuata zizini alfajiri kabla hajaamka. Namwona anavyoinuka."

"Kwa nini usimnunue akiwa malishoni, amesimama, anakula?"

"Akishasimama hata mgonjwa hupendeza, baba. Hilo umenifundisha wewe."

"Nilikufundisha," Gamaya akasema. Akampa ufunguo. "Washa."

Luhende aliingia, akageuza. Gari likakohoa, likazima. Akageuza tena; likatetemeka kama mwenye homa, likazima. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano likashika, lakini lilishika kwa shida, linaruka huku na huku, na moshi mweupe ukajaa banda mpaka tukarudi nyuma. Fundi yule na kikombe chake angekuwapo asingebaki na maji. Tena gari lenyewe si la kusukuma. Gia zake hujibadilisha zenyewe, ukilisukuma unalisogeza tu. Luhende alitoka akiwa amefunika pua kwa kiganja, akabaki amesimama.

"Ni nani humo?"

Alikuwa Bi Kabula, amejitanda kanga, anatembea kwa haraka kutoka mlango wa jikoni. Alipomwona Gamaya alipunguza mwendo.

"Gamaya. Umerudi kazini?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumwonyesha mwanangu kazi niliyokuwa nikiifanya."

Bi Kabula alilitazama gari, akatazama moshi. "Hilo ni gari letu?"

"Ndilo."

"Limeharibika lini?"

"Miaka tisa iliyopita, mama. Tulikuwa tunakwenda mkutano wa wanunuzi wa pamba. Njiani geji ya joto ikapanda. Nikamwambia mzee tupumzike lipoe. Akasema tutachelewa, endesha. Nikaendesha. Chuma cha injini kikapata ufa. Likilala likapoa, maji yanaingia ndani. Likipata moto, chuma kinatanuka, ufa unajifunga, linakuwa zima kabisa mpaka kesho."

"Mume wangu alijua?"

"Alikuwa ananiamini, mama. Hakuwahi kuniuliza. Na dereva aliyenitangulia alifukuzwa kwa kusema kwamba gari linaumwa. Nikaona niamke mapema."

"Miaka tisa."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nalala juu pale," Bi Kabula akasema, akionyesha dirisha, "nikisikia mtu anakohoa alfajiri, nasema Gamaya anavuta tumbaku sana."

"Sivuti, mama."

Gari lilikuwa limeanza kutulia, likinguruma vizuri peke yake, kama kwamba si lenyewe.

Luhende alimgeukia baba yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndani yake mlikuwa na hasira ya mtu anayeona haya. "Baba, nimekuja hapa mara tatu. Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Katika mji mzima huu, ni nani analijua gari hili kunizidi? Umemleta fundi kutoka mbali, umeniacha mimi kitandani."

"Nilitaka liwe zawadi yako. Nilitaka ukae nyuma."

Gamaya akasema, polepole, si kwa Luhende peke yake, maana alimtazama na Nkwabi, na mimi akanitazama: "Wenye vitu hivi vikubwa huwa na watu wa kuvipasha moto kabla hujafika. Nami nilikuwa mmoja wao. Ng'ombe hununuliwa akiwa amelala. Gari hununuliwa likiwa baridi."

Bi Kabula alivuta kanga yake. Mngetegemea akasirike, gari lile ndilo lililokuwa la kumpeleka kwao na kitu mkononi. Alimuuliza Luhende, "Ng'ombe wako wapi?"

Luhende alishtuka kama aliyeamshwa. "Wako njiani, mama. Ndugu yangu ameondoka nao saa tisa. Nimemwambia amuuzie wa kwanza atakayefika."

"Mnada uko mbali kiasi gani?"

"Maili nane. Wachuuzi wanawasubiri njiani, kabla hata hawajafika."

"Kwa miguu hutawahi. Nkwabi, ingia. Limeshapata moto." Kisha akaenda upande wa nyuma wa gari, akaufungua mlango kwa mkono wake. "Gamaya, panda."

"Mama, mimi nitabaki hapa na mlinzi."

"Ndugu yake atamsikiliza nani? Luhende ndiye aliyemtuma auze. Wewe ndiye utakayemwambia aache. Panda."

"Nyuma sijui pa kuweka mikono, mama."

"Weka magotini," Bi Kabula akasema. "Ndipo alipoweka yeye."

Akapanda. Bi Kabula akaufunga ule mlango, ukajifunga taratibu. Luhende alikaa mbele, hakugeuka nyuma. Nadhani hakuweza. Nikafungua geti, wakapita. Zamani Gamaya akipita na gari alininyanyulia kidole kimoja juu ya usukani. Siku ile alikuwa amekaa katikati ya kiti, wima, na mikono iko magotini.

Nkwabi ndiye aliyenieleza njia ilivyokuwa. Alisema mzee hakuegemea hata mara moja. Macho yake yalipita katikati ya mabega yao wawili, yakatazama geji ya joto njia nzima. Walipofika karibu na mto waliwaona ng'ombe wamezingirwa na wachuuzi wanne, na mmoja alikuwa amekwisha kumshika pembe yule maksai kiongozi, anataja bei. Gari lilisimama. Wachuuzi walipoliona wakavua kofia, kwa mazoea. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akashuka mzee mwenye koti la udereva na fimbo.

Gamaya akamwambia mtoto wake mdogo, "Geuza ng'ombe."

"Kaka amesema niuze."

"Kaka yako huyu hapa. Geuza."

Mchuuzi yule hakuachia pembe. Alisema wamekwisha kupatana kwa mdomo, na mwanamume ni mdomo wake. Huyo maksai mmoja akaenda naye. Gamaya hakutaka ugomvi juu ya neno lililokwisha kutamkwa. Kumi na watatu wakarudi nyumbani. Mwaka ule Luhende alilima na maksai watatu, na wa nne akaazima kwa shemeji yake. Pamba yake ilichelewa, lakini ilitoka.

Gari lilibaki na Bi Kabula. Alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Watu wa kulitaka walikuwapo, na Nkwabi angeendelea kuamka alfajiri. Lakini siku ile ile alimkataza. Kila aliyetuma salamu kwamba anakuja kutazama gari, alimjibu: "Gari hununuliwa likiwa baridi. Njoo kabla jua halijachomoza, uwashe mwenyewe." Wengi walikuja, wakasikia kikohozi, wakaenda zao. Walipoenda walilibeba neno. Likafika sokoni, likafika kwenye minada, likaanza kusemwa juu ya baiskeli, juu ya mashamba, juu ya watu. Mwaka ule ulipokuwa ukiisha alikuja fundi mmoja kutoka Shinyanga. Alifika usiku haujaisha, akawasha, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ufa huu naujua, akataja bei ya gari lenye ufa. Bi Kabula akapokea. Bei ile ilikuwa ndogo. Alipokuwa anapanda basi kwenda kwao aliniambia kwamba anaondoka bila kuangalia nyuma.

Gamaya alifariki pamba ilipokuwa inavunwa. Nilikwenda msibani. Luhende aliniuliza mbele ya watu, bila ukali, "Wewe ulikuwa getini miaka miwili. Ulikuwa unasikia?"

Nikasema nilikuwa nasikia.

"Ningekuuliza ungeniambia?"

Nikasema sijui. Huo ndio ulikuwa ukweli, na mpaka leo sijapata jibu lingine. Wiki iliyofuata niliacha kazi ya geti, nikaendelea na safari zangu.

Basi wale washenga wa leo hawakutukanwa. Mzee Ngolo hakusema kijana wao ni mbaya, hatumjui. Aliwaambia kwamba tutakwenda kwao siku wasiyotuandalia, asubuhi na mapema, uji haujabandikwa, tumwone anavyomjibu mama yake akiwa ametoka kuamka. Tukifika tutawaamkia wanaochota maji pale, na aliyelala mlangoni, na yule ambaye hakuna anayemuuliza. Tutawauliza. Huenda tukamkuta ni mtu mzuri sana. Huenda tukakuta ana ufa, na dada yenu akasema ufa huo naujua, namtaka hivyo hivyo. Hiyo ni haki yake. Lakini tutakuwa tumeweka mkono kwanza.

Gari hununuliwa likiwa baridi.